Ramayana ya Mewar: London irudishe au ibaki nayo?

Mleta mada:
Wadau naomba tulijadili hili kwa uzito maana limenikaa moyoni. Kuna Ramayana, ule utenzi mkubwa wa kale wa India kuhusu Rama na adui yake Ravana, iliyochorwa kwa mkono kule Udaipur, India, kati ya 1649 na 1653 kwa amri ya Rana (mfalme) Jagat Singh wa Mewar, ufalme uliokuwa na makao Udaipur, juzuu saba, picha zaidi ya 400. Leo sehemu kubwa iko British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza kule London, nyingine zimebaki India, Mumbai na Udaipur kwenyewe. Mi nasema za London zirudi. Hizi sio picha za kutundika ukutani jamani, ni kurasa, picha upande mmoja na maandishi ya Kisanskriti mgongoni, unasoma unageuza unaangalia. Chukua ile ya Kumbhakarna, lile jitu ndugu yake Ravana linalolala miezi sita, ukurasa ni mmoja tu ila kisa chote kimo, limelala chali, watu wanalipigia ngoma masikioni, tembo wanalikanyaga, milima ya chakula imepangwa pembeni, halafu lile lile limeshaamka linakula. Mchoraji Sahib Din kalirudia mara kadhaa na wala hupotei. Kitu cha kusomwa mfululizo namna hiyo unakigawaje nchi mbili?

Mchangiaji 1:
Mkuu umeeleza vizuri ila kuna jambo umeliruka, hazikuibwa. Mfalme wa Mewar wa wakati huo, Maharana Bhim Singh mwenyewe, alimpa James Tod, wakala wa Waingereza pale Udaipur, Tod akaondoka India nazo 1823, zikaenda kwa Duke wa Sussex, mtoto wa mfalme wa Uingereza, alivyofariki British Museum ikanunua 1844, na maktaba yake ndio baadaye ikawa British Library. Mtu akishatoa katoa. Halafu zimetunzwa, wakati vitabu vingapi vya aina hii vilivyobaki huko huko vimefumuliwa vikauzwa karatasi moja moja, leo picha ya mungu Krishna iko kwa tajiri huyu, ya mpenzi wake Radha iko bara lingine.

Mleta mada:
Katoa ndio, lakini angalia nani anampa nani. Mewar iliingia mkataba na Kampuni ya East India ya Waingereza 1818, imeshaporwa na Wamaratha, dola jirani ya Kihindi, miaka nenda rudi, hazina tupu, na Tod ndio aliyewekwa pale kusimamia mambo. Mtu kama huyo huwezi kumhesabu kama mgeni wa kawaida anayepewa zawadi mlangoni. Hilo la kufumuliwa nakubali na linaniuma sana, ila tangu 1972 India ina sheria inayozuia kutoa nje mswada wa miaka 75 na zaidi, kwa hiyo hofu ya kwamba utarudi halafu uvuke tena mpaka kihalali sioni mashiko yake.

Mchangiaji 2:
Mi naona tunagombania lililokwisha. 2014 juzuu za London na za India ziliunganishwa mtandaoni, zikawekwa bure mtu ageuze kurasa. Na tuache kusema ni mali ya dini fulani, Sahib Din alikuwa Mwislamu, aliyeandika maneno, Hirananda, alikuwa Mjaini, yaani wa dini ya Ujaini ya huko huko India, wote wawili wanamtumikia mfalme wa Kihindu.

Mleta mada:
Kwa Sahib Din tuko pamoja kabisa, ndio maana sikusema zirudi kwa Wahindu, nimesema zirudi Udaipur, mji uliowakalisha watu wa dini tatu kwenye kitabu kimoja. Ya mtandaoni niliipitia usiku kucha na nashukuru iliwekwa. Lakini Udaipur mpaka leo kuna vijana wanajifunza kazi hii, brashi ya nywele za kindi, rangi tabaka juu ya tabaka, karatasi inasuguliwa kwa jiwe mpaka inang'aa. Huyo kijana anatakiwa auinamishe ukurasa kwenye mwanga wa dirisha aone rangi imepanda wapi imezama wapi, skrini haimwonyeshi hilo.

Mchangiaji 1:
Hapo umenigusa. Kurudisha moja kwa moja bado nakataa, ila kukopesha miaka kumi kumi, juzuu zote zikae chumba kimoja Udaipur, hilo naunga mkono.

Mleta mada:
Tuanzie hapo basi, na iwe na ile ya Kumbhakarna.