Tupeane uzoefu: Microsoft na wakubwa wake, sisi wa Arusha na Moshi tumeishi nao vipi?

Fundi wa Kijenge:
Wakuu, habari za jioni. Hapa Arusha mteja haji kwa fundi akasema anataka mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta. Anaweka laptop mezani, anasema, "Fundi, nipigie window." Hata ukimwekea kitu kingine kabisa, kwake bado ni window. Kampuni moja ya Marekani, Microsoft yenye Windows, imeingia kwenye ndimi zetu namna hiyo, lakini sijaona tumekaa tukasemezana tunaionaje. Leo tuseme.

Naanza mwenyewe. Mwaka 2007 nilikuwa chuo hapa mjini. Jamaa wa bweni la pili alileta video kwenye flashi, tukaikopi wote. Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft kuanzia Januari 2000 hadi mwanzoni mwa 2014, yuko jukwaani, shati limelowa jasho, anapiga makofi na kupaza sauti neno moja tu, "developers", anarudia na kurudia mpaka sauti inakwaruza. Yaani anawaita waandishi wa programu. Darasa likagawanyika. Wengi walisema mtu mzima amejivunjia heshima. Sisi mkubwa tunamjua wa meza kuu: kitambaa cheupe, maua, chupa ya maji, anasomewa risala huku akitikisa kichwa taratibu.

Mimi nilimpenda siku ile na hadi leo nampenda. Mtu amefika juu kabisa, bado anawatolea jasho watu wanaoandika programu! Nilirudi geto usiku ule nikaazima kitabu nikaanza kujifunza. Alikosea pia. Mwaka huohuo aliicheka iPhone mbele ya kamera, kwa bei yake ya dola 500 na kwa kukosa vitufe vya kuandikia. Leo nenda stendi uone kama kuna asiyegusa kioo. Lakini alipowaaga wafanyakazi mwaka 2013 alilia mbele ya umati, na mimi yale machozi nayaamini.

Mama Steshenari, Moshi:
Fundi, huyo Ballmer mimi simjui. Ninachokijua ni skrini nyeusi.

Nina steshenari karibu na Double Road. Nilinunua mashine tatu kwa fundi mmoja, simtaji, akaniapia kila kitu ndani ni halali. Siku moja sista amekuja kuchapa ripoti ya shule yao, ameketi pembeni yangu, tuko ukurasa wa nne. Nikafunga faili nimwonyeshe kitu, nakuta picha ya Mlima niliyokuwa nimeiweka haipo, nyuma kote ni weusi, na kule chini pembeni maandishi kwamba hii nakala si halisi. Nikairudisha picha. Baada ya saa moja weusi umerudi. Sista akaniuliza polepole, bila ubaya, "Mama, kumbe hii ni ya wizi?"

Sikuwa na jibu. Watu wanaleta kwangu vyeti vya ubatizo, mikataba ya viwanja, barua za mahakamani. Wakisikia duka langu lina kitu cha wizi nitawaambia nini? Nilikusanya hela miezi kadhaa nikanunua leseni halali, mashine moja moja. Kampuni sikuichukia hata siku moja. Walitengeneza chao, wana haki ya kudai. Hasira zangu zote ni kwa yule fundi.

Mdau wa Tengeru:
Mama, pole sana. Ila mimi siwezi kuwatetea kama wewe.

Mkumbuke kesi. Mwaka 1998 serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft kwa kutumia ukubwa wake kuibana Netscape, kampuni nyingine iliyokuwa na programu ya kuperuzi mtandao; Microsoft waliifungasha programu yao wenyewe ya kuperuzi ndani ya Windows ili mtu asitafute nyingine. Juni 2000 jaji Thomas Penfield Jackson akaamuru kampuni igawanywe vipande viwili. Rufaa mwaka uliofuata ikaufuta mgawanyo, ila hoja kwamba walitumia vibaya ukiritimba wao ikabaki. Ulaya nao wakawapiga faini ya euro milioni 497 mwaka 2004. Na huyo Ballmer wako, Fundi, mwaka 2001 aliiita Linux, mfumo endeshi wa bure, saratani. Saratani! Kitu ambacho watu wanakitengeneza na kugawa bure.

Linaniuma kwa sababu hii. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Nilipoifungua mara ya kwanza nilimwita mzee wangu, mwalimu mstaafu, aje aone. Alivaa miwani, akaweka kidole kwenye kioo, akasoma kwa sauti: "Hariri." Akanyamaza. Halafu akasoma tena. Hajawahi kugusa kompyuta bila mimi kumtafsiria. Microsoft nao baadaye walitoa Kiswahili chao, nawapa haki yao, lakini mlango ulifunguliwa na hao wa bure.

Fundi wa Kijenge:
Mdau, hapo kwenye saratani sina la kumtetea. Ila mrithi wake Satya Nadella alisema mwaka 2014 kwamba Microsoft inaipenda Linux. Watu hubadilika.

Muuguzi wa Kibosho:
Mimi naleta upande wa Bill Gates, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft, maana huku vijijini yeye ndiye kampuni.

Julai 2021 chanjo ya Uviko ilipoanza kutolewa nchini, bibi mmoja alinivuta pembeni. "Mjukuu wangu, eti huyo tajiri wa kompyuta ameweka chipu humo ndani atuone tulipo?" Nikamwambia, "Bibi, njoo nikuonyeshe." Nikachukua sindano mpya nikamwonyesha tundu lake dhidi ya mwanga wa dirisha. Akalitazama muda mrefu, akacheka, akakunja mkono wa kitenge. Lakini wangapi hawakuuliza, wakakaa nyumbani na hofu yao? Taasisi ya huyuhuyu Gates imetoa fedha nyingi kwenye vita ya malaria, ugonjwa ninaouona wodini kila msimu wa mvua. Anayetaka kumlaumu amlaumu kwa ya mahakamani. Hili la chipu ni uongo na limetuumiza.

Fundi wa Kijenge:
Asante sana, Muuguzi.

Niongeze moja la kazi. Tangu 14 Oktoba 2025 Windows 10 haina tena masasisho ya kawaida ya usalama ya bure, na laptop nyingi za mtumba tunazouza hapa mjini hazina sifa za Windows 11. Kabla hujazitupa, ziletwe tuziangalie. Linux inazibeba vizuri.

Mama Steshenari, Moshi:
Fundi, ninazo mbili za hivyo. Hiyo ya bure inafungua barua za wateja bila kuharibu mistari?

Mdau wa Tengeru:
Mama, nyingi inafungua sawa, zenye majedwali mengi ndizo husumbua. Bakiza moja na window yako halali, nyingine tujaribu.

Mama Steshenari, Moshi:
Haya. Jumamosi nakuja Arusha na basi la saa moja. Na huyo mzee wako, kama bado yupo, nimpe ripoti moja aisome kwa sauti.