Nimeuziwa lenzi za macho Malindi bila kupimwa jicho, na muuzaji alijua kwamba kazi yangu ni baharini

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Ninaandika haya nikiwa nimelifumba jicho la kulia, kwa sababu bado halistahimili mwanga wa simu, na hasira niliyo nayo haijapungua hata baada ya wiki saba za dawa. Nitaeleza mambo kama yalivyotokea. Duka lenyewe sitalitaja hapa, kwa kuwa barua yangu ya malalamiko nitaipeleka mwenyewe kwa mkono.

Mimi ni nahodha wa boti yenye sakafu ya kioo. Msimu wa kaskazi, maji yanapokuwa maangavu, huwapeleka wageni kila siku katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi, ile iliyotengwa tangu 1968, nami huingia majini pamoja nao ili kuwaonyesha matumbawe. Macho yangu hayaoni mbali: namba ya miwani ya jicho la kulia ni −5.25 na ya la kushoto ni −4.50. Miwani ya kawaida haikai ndani ya maski ya kuzamia, kwa hiyo kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaonyesha watu samaki ambao mimi mwenyewe niliwatambua kwa rangi na mwendo tu. Mwezi wa Februari nikaamua kununua zile lenzi laini zinazovaliwa juu ya jicho lenyewe. Nilimwambia binti aliyenihudumia mambo mawili, tena kwa sauti ya kusikika: kwamba sijawahi kuvaa lenzi maishani mwangu, na kwamba nitaingia nazo baharini kila siku.

Akaniomba cheti cha miwani. Nikampa cha miaka miwili nyuma. Akafungua droo, akatoa pakiti yenye namba ile ile, akanitilia lenzi machoni yeye mwenyewe kwa kidole chake, na mimi nikalipa shilingi 4,500 pamoja na chupa moja ya dawa ya kuoshea. Hapakuwa na jingine. Muuza makubazi humwambia mteja akanyage chini kwanza aone kama kiatu kinambana, lakini jicho langu halikuguswa na kipimo chochote kabla ya kuvishwa kitu kitakachokaa juu yake mchana kutwa.

Sasa ninajua kilichopaswa kufanyika, kwa maana nilifanyiwa Mombasa baada ya madhara kutokea. Namba ya miwani si namba ya lenzi. Miwani hukaa mbele ya jicho kwa kiasi cha milimita 12, na lenzi hulala juu ya jicho, hivyo mtu mwenye namba kubwa kama yangu hubadilishiwa hesabu: −5.25 yangu ilipasa kuwa −5.00. Hilo lingeniletea maumivu ya kichwa tu. Kubwa zaidi ni mbinuko. Kila jicho lina mbinuko wake, nao hupimwa kwa mashine, kisha mtu hujaribishwa lenzi ya mbinuko unaolielekea jicho lake, hungojea dakika kadhaa itulie, na mpimaji huitazama kwa darubini yenye mwanga mwembamba aone kama inasogea kidogo kila mtu anapopepesa. Ule msogeo ndio unaoruhusu machozi mapya kupita chini ya lenzi. Kioo cha jicho, yaani ile sehemu ya mbele iliyo wazi, hakina mishipa ya damu. Hewa yake huipata kupitia machozi. Lenzi niliyouziwa ilikuwa na mbinuko wa 8.4, na jicho langu lilihitaji 8.8. Ilikuwa imenishika kama kifuniko cha chupa, nami nikidhani kwamba kule kubanwa ndiko kuzoea.

Mafunzo nayo sikupewa. Kwa wanaofanya kazi hii kwa uaminifu, mteja wa mara ya kwanza haondoki mpaka amezivaa na kuzivua mwenyewe mbele ya mhudumu, zaidi ya mara moja, hata kama itachukua saa nzima. Huonyeshwa jinsi ya kuosha mikono kwa sabuni na kuikausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na jinsi ya kuitambua lenzi iliyopinduka: iliyo sawa ina umbo la bakuli, na iliyopinduka kingo zake hutanuka kama sahani. Mimi usiku wa kwanza nilikaa mbele ya kioo karibu saa nzima nikizichokoa kwa kucha, huku mke wangu akinishikia taa na kunisihi niache.

Na hapa ndipo panaponichoma zaidi. Nilipouliza zitadumu muda gani, nilijibiwa maneno matatu: “Zinakaa mwezi mmoja.” Nawaomba wasomaji mnaokijua Kiswahili mniambie, mtu asiyejua lolote kuhusu lenzi ataelewa nini? Nilielewa kwamba zinakaa jichoni mwezi mmoja. Baada ya taabu ya ule usiku wa kwanza niliona ni nafuu kubwa, nikawa ninalala nazo. Maana yake halisi ni kwamba pakiti ikishafunguliwa, lenzi hutupwa baada ya siku 30, na kila usiku lazima zivuliwe, zisuguliwe kwa dawa mpya na kulazwa ndani ya kijaluba chake. Kulala na lenzi huongeza hatari ya maambukizi mara sita hadi nane. Sentensi moja tu zaidi kutoka kwa binti yule, na mimi ningekuwa kazini leo.

Kuhusu maji sikuambiwa hata neno. Si maji ya bahari, si ya bomba, si ya kisima. Chumvi ilipoingia jichoni nilikuwa nikizivua ndani ya boti, ninazisuuza kwa maji ya kunywa ya chupa, kisha ninazirudisha. Kijaluba nilikisafisha kwa maji ya kisima chetu cha nyumbani, na dawa iliyobaki ndani sikuimwaga. Niliiongezea mpya juu yake ili chupa isiishe haraka. Kila kimoja kati ya vitendo hivyo ni marufuku. Maji ambayo tumbo linayamudu yanaweza kuwa na vijidudu ambavyo jicho lililofunikwa na lenzi haliwezi kuvimudu, na miongoni mwavyo kuna kimoja kiitwacho Acanthamoeba, ambacho tiba yake huweza kuchukua miezi mingi. Kijaluba huoshwa kwa dawa ile ile ya lenzi, huachwa wazi kikauke kwa hewa, na hubadilishwa angalau kila miezi mitatu.

Siku ya kumi na tisa jicho la kulia liliamka jekundu, linauma, na mwanga wa dirisha ulikuwa kama sindano. Nilirudi dukani siku hiyo hiyo. Mhudumu mwingine, kijana wa kiume, akaniambia, “Mzee wangu, hilo ni vumbi la kaskazi tu,” akanipa chupa ya matone na kuniruhusu niendelee kuvaa. Chupa hiyo ninayo mpaka sasa. Ndani yake mna deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ambayo huondoa wekundu na kudhoofisha kinga ya jicho kwa wakati mmoja. Jicho jekundu la mtu anayevaa lenzi halitiliwi dawa hiyo kabla ya daktari kulichunguza. Jambo la kwanza ni kuvua lenzi, na la pili ni kumwona daktari wa macho siku hiyo hiyo. Siku moja wekundu ulififia, nikafurahi. Siku iliyofuata mke wangu akaona doa jeupe juu ya jicho, kama punje ndogo ya mchele.

Tulipanda matatu alfajiri, tukaingia Mombasa saa mbili unusu asubuhi. Daktari wa macho alinitilia rangi inayong'aa chini ya mwanga wa buluu, na kile kidonda kikawaka kijani. Alikikwaruza kidogo apate sampuli, akatia lenzi na kijaluba changu kwenye mfuko ili vipimwe pia (wengi huvitupa, akasema, na ushahidi hupotea). Ilikuwa bakteria aitwaye Pseudomonas, ambaye hupenda unyevu na anaweza kukila kioo cha jicho kwa siku chache tu. Nilitiliwa matone kila saa, usiku na mchana, siku mbili mfululizo. Jicho limeokoka, lakini limebaki na kovu, na taa za usiku ninaziona zimetawanyika.

Nilipomweleza daktari kazi yangu, aliniuliza kwa nini sikuagiza maski ya kuzamia iliyotiwa vioo vyenye namba yangu. Nilinyamaza, kwa sababu sikujua kama kipo kitu cha namna hiyo. Kipo, na namba kama yangu hupatikana tayari. Kwa hiyo sikuhitaji lenzi kabisa, na maneno yale mawili niliyoyasema dukani yalitosha kumfanya mtu mwenye ujuzi aniambie hivyo.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mwenye duka. Alinisikiliza akiwa amesimama, akasema wateja wengine hawajalalamika, na kwamba maambukizi ni suala la usafi wa mtu. Usafi! Natawadha mara tano kwa siku, sikwenda pale kufundishwa kunawa. Nilikwenda kufundishwa kitu kimoja nisichokijua, nikalipa kwa ajili hiyo. Akaongeza kwamba lenzi ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Marekani, tangu 2005, hata zile za rangi zisizo na namba, wanazovaa maharusi kwa urembo, huhesabiwa na sheria kuwa vifaa vya tiba na haziuzwi bila cheti cha mpimaji. Jicho la Malindi si la bei nafuu kuliko la Marekani.

Ninataka nirudishiwe gharama za tiba, na ninataka duka hilo liache kuuza lenzi mpaka liwe na mtu wa kupima na kufundisha. Walionunua kwa mtindo huu hapa mjini, naomba mseme kama mlipimwa.

Nilipokuwa natoka, alikuwepo kijana mmoja kaunta, amevaa fulana ya buluu ya mabaharia wetu, anapokea pakiti. Nilijaribu kumwita, akapanda bodaboda akaenda. Kama unasoma hapa, mwanangu, zivue usiku huu kabla hujalala, usiingie nazo majini kesho, na nitafute pale boti zinapofunga nikupeleke kwa daktari.