Naomba ushauri: barabara kuu ya A75 au A7 kurudi Uingereza na kempavani (gari la kulala ndani)?

Wakuu, habari zenu. Tumemaliza kuzunguka pwani ya Mediterania na watoto, sasa tupo Perpignan, kusini mwa Ufaransa, na kempavani ya kukodi. Jumamosi tunaanza kurudi Uingereza kupitia Calais. A7 ya Lyon wikiendi za Agosti ni foleni tupu, na ushuru wake unauma. Ramani inanionyesha A75, Béziers hadi Clermont-Ferrand, bure isipokuwa daraja la Millau. Hofu yangu ni milima: gari zito, na kitindamimba hutapika kona zikizidi. Nimewauliza wenye gari, jibu lao "popote tu". Haya!

Aliyepita A75 na gari kama hili, injini haichemki? Na tulale wapi kabla ya kufika Paris?