Naomba ushauri: kuna mtu anatumia picha za mdogo wangu mtandaoni

Habari zenu wakuu. Naombeni mnisaidie mawazo, hapa nimekwama.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, tupo Morogoro. Kuna mtu amefungua akaunti kwenye mtandao mmoja wa kijamii kwa jina lake na picha zake, zikiwemo za sare ambapo nembo ya shule inasomeka kabisa. Anawafuata wanafunzi wenzake inboksi, anawaambia anaumwa, wamtumie hela kwa namba tusiyoijua. Mtoto sasa anaogopa hata kwenda shule, maana wapo wanaoamini ni yeye.

Picha za skrini za akaunti, jumbe na ile namba tumezihifadhi. Akaunti yake halisi tumeifanya ya faragha na kuwasha uthibitisho wa hatua mbili. Mimi na rafiki zake tumeripoti ile ya bandia, jibu likaja kwamba haijavunja masharti. Limeniuma sana.

Najua Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine. Ila mama anataka tunyamaze, anahofia jina la mtoto. Mimi naona tukinyamaza huyu mtu ataendelea kuchuna watoto wa wenzetu.

Kwa mliopitia haya: tuanzie kaunta ya kawaida polisi au Dawati la Jinsia na Watoto? Na kuna ambaye mzazi aliripoti mwenyewe kwa kuambatanisha cheti cha kuzaliwa, akaunti ikaondolewa?