Naomba ushauri: rangi ya kijani inakula ramani ya Ortelius

Wakuu, ramani ni ile ya Afrika iliyochorwa 1570 na Abraham Ortelius, mchora ramani wa Antwerp. Ukiinua kwenye mwanga unaona mistari ya karatasi ya mkono, na alama ya ukingo wa bamba la shaba lililoichapa unaihisi kwa kidole, kwa hiyo si ofseti (nakala ya mashine za kisasa).

Shida ni kijani cha mipakani: kina shaba, kimepenya hadi nyuma kikawa kahawia, na karatasi inamomonyoka kama chapati kavu. Mkunjo wa kati umechanika sentimita 4. Karatasi ya Kijapani (nyembamba, ya kuziba michaniko) ninayo, ila gundi ya wanga wa ngano ina maji mengi, nayo maji husambaza shaba pembeni.

Je, jelatini nzito itafaa kama gundi badala yake? Kwa unyevu wa Mombasa, niifremu au niilaze kwenye folda isiyo na asidi? Selotepu msinitajie kabisa.