Mrejesho: safari ya Dubai, nimerudi na pasi yangu

Assalaam alaykum. Ni mimi niliyeuliza nitawekaje pesa na pasi ya kusafiria katika safari yangu ya mwanzo ya kufuata mzigo Dubai. Wengi mlisema nigawe pesa mafungu, nisitembee na pasi, na nitoe kopi.

Nimerudi Chake Chake, Pemba, juzi. Mke wangu alinishonea kibindo cha kipande cha kanga, chenye zipu, nikakivaa ndani ya shati. Hili la jasho hakuna aliyenambia! Siku ya mwanzo mtaa wa Deira, adhuhuri, nilipokifungua noti zote za dola zimelowa chepechepe, nikazianika juu ya kitanda kama dagaa. Kesho yake nikazitia kwanza kwenye mfuko wa nailoni.

Pasi ilibaki kwenye sefu ya hoteli, mimi natembea na kopi. Na kweli, kwenye abra, boti ya kuvukia kwenda mtaa wa Bur Dubai, nauli dirham 1, kipochi changu kilitoka mfukoni sijui saa ngapi. Kilikuwa na dirham 60 tu, kama dola 16. Roho iliniuma, lakini mzigo nilinunua.

Kosa langu mwenyewe: nilitoa laini ya simu ya nyumbani nikatia ya kule. Nilipotaka kuhamisha pesa benki, namba ya siri ikatumwa kwenye laini iliyokuwa imefungwa ndani ya tishu, hotelini. Muuzaji alinisubiri mpaka magharibi.

Aliyenishauri kibindo, nimekuletea tende.