Mliowahi kusoma magazeti ya vyama vya siasa ya Marekani ya kale, tupeane uzoefu

Habari zenu wakuu. Mi naishi Philadelphia, mwaka jana nikawapeleka wanangu mtaa wa Market, pale Franklin Court wanapoonyesha uchapaji wa zamani. Jamaa anapaka wino kwenye herufi za madini ya risasi kwa vipira vya ngozi, anaweka karatasi, anavuta mkono wa mashine kwa nguvu zake zote, anaitundika karatasi kwenye kamba ikauke, anaanza upya. Jirani tu na hapo ndo ilikuwa ofisi ya Aurora, gazeti la Benjamin Franklin Bache, mjukuu wa Benjamin Franklin mwenyewe, yule mchapaji na mmoja wa waasisi wa Marekani, alikuwa anamrarua rais Washington bila woga. Upande wa pili yupo John Fenno na Gazette of the United States, anawatetea kina Hamilton, waziri wa fedha wa Washington, na tenda za kuchapa za serikali anapata. Sasa Septemba 1798 homa ya manjano ikaupiga mji, Bache akafa tarehe 10, Fenno tarehe 14. Nilisimama pale nikakosa la kuwaambia watoto. Nyie mlikutana nayo wapi?

binti_kahama: Mimi chuoni, nilipewa niandike kuhusu Philip Freneau wa National Gazette, nikamsifia kurasa mbili nzima kuwa hana bosi, usiku wa manane nikakuta Jefferson, waziri wa mambo ya nje na mpinzani wa Hamilton, alimuajiri ukarani wa kutafsiri kwenye wizara yake, dola 250 kwa mwaka, huku gazeti linaishambulia serikali hiyohiyo. Nilifuta zote. Naupenda bado uandishi wake ila iliniuma sana.

fundi_wa_matbaa: Nimechapa magazeti miaka mingi, siku moja ikaja simu, ukurasa ukang'olewa mashine ikiwa imeshawaka na hakuna aliyeuliza. Ndo maana kisa cha Matthew Lyon, mbunge wa Vermont, hakinitoki. Sheria ya uchochezi ya 1798, ya kuwaadhibu walioikashifu serikali, ilikuwa faini mpaka dola 2,000 na jela mpaka miaka 2, yeye akala miezi 4, na wananchi wakamchagua tena akiwa humohumo ndani.

mama_wawili: Mtoa mada hujamtaja Margaret, mke wa Bache. Mimi ni mjane, hapo ndo niliposhikwa. Mume kazikwa Septemba, Novemba hiyohiyo Aurora imerudi mtaani, yeye na William Duane.

Mtoa mada: Dah. Jumamosi nawarudisha watoto pale, niwaeleze na yeye.